Dhamana ya Kitu Kilichorushwa Juu

Na achukuliwe kwa mfano mtu mmoja wa Nandagala, katika bara ya Lindi, upande wa Ruangwa na Nachingwea. Mchana yuko shambani kwake, katika mikorosho na ufuta. Baada ya sala ya magharibi, wenzake wakaapo barazani kuzungumza bei ya korosho, yeye huinua macho kutazama nuru ndogo ipitayo mbinguni pasi na kumetameta wala kufanya sauti. Ajua yakuwa ile si nyota, bali ni nyumba ya chuma yenye watu ndani yake, iendayo juu ya ardhi kiasi cha kilomita 400, na kuizunguka dunia mara moja kwa muda wa dakika 92 hivi. Ajua yakuwa ilianza kuungwa mwaka 1998, na ajua roketi zilizoipeleka kipande baada ya kipande. Ana daftari lake, na ndani ya daftari amehifadhi tarikhi za roketi kama mwingine ahifadhivyo nasaba ya jamaa zake.

Wenzake humlaumu. Mmoja humwambia kwa upole yakuwa hayo ni lahau, na umri wa mwanadamu ni mfupi. Mwingine humwambia kwa ukali: "Bwana, wewe hukupanda roketi wala mwanao hatapanda. Nandagala hapana chuo kifundishacho mambo hayo, wala hapana mtu akuulizaye. Basi usiku wako waupotezea nini?" Na lawama hizi si za kudharauliwa, kwani kila mtu ataulizwa juu ya umri wake, aliumaliza katika jambo gani. Basi mas'ala ni haya: mapenzi ya mtu huyu kwa khabari za roketi, je, ni mchezo wa kupitisha usiku, au ni ilimu yenye haki juu ya mwenye kuwa nayo?

Upande mmoja wa jawabu ni mwepesi, wala haustahiki kurefushwa. Ilimu ya hesabu na ya vyombo si haramu kwa dhati yake. Imamu Ghazali ameihesabu ilimu ya hesabu na ya utabibu katika fardhi za kifaya, yaani zile ambazo umma wote hupata dhambi wasipopatikana katika wao wa kuzisimamisha. Wala ufundi wa kitu kiendacho kwa nguvu ya moto wake si mgeni katika miji ya Waislamu. Hasan al-Rammah wa Sham, katika karne ya 13, aliandika juu ya upanda farasi na zana za vita, akaeleza namna za baruti na vyombo vya moto. Na Tipu Sultan wa Mysore, katika nchi ya Hindi, alikuwa na roketi za mirija ya chuma zilizowatia khofu majeshi ya Waingereza. Alipouawa mwaka 1799 baadhi ya roketi hizo zilipelekwa Uingereza, na William Congreve akaunda zake kwa kufuata zile. Walakini mwenye kusimama hapa na kujifakhiri hana alichopata. Roketi ya Tipu haimfundishi hesabu mtoto aliyezaliwa leo, na wenye kuhadithia mambo haya kwa majivuno mara nyingi ndio wasioweza kuhesabu zaka ya biashara yao wenyewe.

Upande wa pili ndio mzito. Na alifungue mpenzi huyu daftari lake atazame ameandika nini. Ataona tarehe 4 Oktoba 1957, Warusi waliporusha Sputnik. Ataona tarehe 12 Aprili 1961, Yuri Gagarin alipoizunguka dunia, na tarehe 20 Julai 1969, Wamarekani waliposhuka mwezini. Mistari yote ni ya kupanda. Mstari wa kuanguka haumo, au umo kwa wino hafifu pembeni. Na hali kitu kilichorushwa, kisipokwenda moja kwa moja mbali na dunia, kina khabari yake ya kurudi. Na katika kurudi ndimo zimo haki za watu.

Roketi ya kwanza kabisa iliyokwenda kwa mafuta ya maji ilirushwa na Robert Goddard tarehe 16 Machi 1926, katika mji wa Auburn, Massachusetts. Ilipanda kiasi cha mita 12, ikakaa hewani sekunde 2 na nusu, ikaangukia katika kabeji. Shamba lilikuwa la jamaa yake, na jambo likaisha kwa furaha. Basi tangu siku ya kwanza kabisa chombo hiki kimeangukia katika mazao, na lililomwokoa mrushaji na mdai ni ujamaa tu. Baada ya hapo walioangukiwa hawakuwa jamaa. Tangu Septemba 1944 Wajerumani walizitupa roketi zao ziitwazo V-2 juu ya London na Antwerp, zikiwaua watu majumbani bila ya onyo, kwa kuwa zilikwenda mbio kuliko sauti yake. Waliozitengeneza ni wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora, waliofanyishwa kazi ndani ya mahandaki hata wakafa kwa maelfu. Mkuu wa ufundi wa roketi hizo, Wernher von Braun, ndiye aliyekuja kusimamia huko Marekani roketi iliyopeleka watu mwezini. Katika daftari nyingi mtu huyu huandikwa kwa mwezi wa 1969, wala haandikwi kwa mahandaki ya 1944. Mwenye kupenda ilimu kwa jicho moja namna hii hajui ilimu, bali ashangilia.

Wala asidhani msomaji yakuwa mambo haya ni ya nchi za mbali. Mtaliana Luigi Broglio aliichagua bahari ya Ungwana, karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, akasimamisha humo majukwaa ya chuma yenye miguu baharini. Aliichagua kwa kuwa iko karibu na khatti ya istiwai, ambapo dunia yenyewe kwa kujizungusha kwake huipa roketi iendayo mashariki msaada wa kasi ya kilomita 1,600 na zaidi kwa saa. Tangu 1967 hata 1988 setilaiti 9 zilipelekwa juu kutoka hapo kwa roketi za Kimarekani ziitwazo Scout. Iliyo mashuhuri ni ile ya tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kutimia miaka 7 ya uhuru wa Kenya, ikaitwa kwa Kiswahili Uhuru. Kazi yake ilikuwa ni kutafuta katika mbingu nuru isiyoonekana kwa macho, ya aina itumiwayo na matabibu kupiga picha za mifupa, na kwa kazi za namna hiyo Riccardo Giacconi alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mpenzi wa Nandagala huipenda khabari hii kwa sababu ya jina lake, na haki yake. Lakini Scout ilikuwa na vipande vinne vilivyopandana. Kila kipande kilichokwisha moto kiliachwa, na kile cha chini kilianguka katika bahari ya Hindi. Bahari hiyo si tupu kama wino wa ramani uonyeshavyo.

Na Unguja nako palikuwa na jambo. Pale Tunguu, katika miaka ya mwanzo wa 1960, Wamarekani waliweka kituo cha kusikiliza vyombo vyao vilivyochukua watu. John Glenn alipozunguka dunia mara 3 tarehe 20 Februari 1962, alipita katika usikizi wa kituo hicho. Hapakuwa na roketi hapo. Walakini watu wengi waliambiana yakuwa ni makombora, pakawa na malalamiko na maandamano, na baada ya mapinduzi ya Januari 1964 kituo kiliamriwa kuondoka, kikaondoka mwaka ule ule. Waliolalamika walikuwa na haki kamili ya kuuliza kilichowekwa katika ardhi yao. Msiba wao ni kuwa hawakuwa na mjuzi wa kwao, wa kuwabainishia tafauti ya kombora na chombo cha kusikilizia. Wenye kujua walikuwa wale wale wenye kituo, na neno la mwenye kitu juu ya kitu chake halimtoshi jirani.

Sasa na atazame mpenzi huyu ni kipi kiwezacho kumwangukia. Nandagala iko yapata daraja 10 kusini ya khatti ya istiwai. Setilaiti iliyorushwa Ngomeni kuelekea mashariki hupanda na kushuka kati ya daraja 3 za kaskazini na daraja 3 za kusini, wala haifiki juu ya Nandagala hata siku moja. Bali iliyorushwa Florida, huko Marekani, hufika kwa kawaida hata daraja 28 na nusu kila upande, na ile nyumba ya watu hufika hata daraja 51 na zaidi. Basi mtu wa Nandagala yu salama na jirani yake wa Malindi, wala hana usalama huo kwa mtu wa ng'ambo ya bahari mbili ambaye hakupata kulisikia jina la kijiji chake. Mwenye kushika hesabu hii ameshajua jambo ambalo wenzake wa barazani hawalijui, nalo lawahusu wao kama limhusuvyo yeye.

Tena vitu hivi haviangukii mahali palipochaguliwa, isipokuwa mwenyewe ameviwekea mafuta ya kuvirudisha. Kilichokufa huendelea kuzunguka, na hewa nyembamba ya huko juu hukipunguzia mwendo kidogo kidogo, hata siku moja hushuka kwa ghafula. Mwendo wake kabla ya kushuka hukaribia kilomita 28,000 kwa saa. Akosaye hesabu kwa dakika 2 amekosa masafa yanayozidi yale ya Malindi hata Nandagala. Kwa hiyo hapana awezaye kuwaambia watu kwa yakini, "Kesho msiende shambani."

Tarehe 30 Desemba 2024, saa ya alasiri, katika kijiji cha Mukuku, wilaya ya Makueni huko Kenya, pete ya chuma ilianguka kutoka juu. Upana wake ni kiasi cha mita 2 na nusu, na uzito wake kiasi cha kilo 500. Idara ya Kenya ya mambo ya anga iliichukua, na tarehe 1 Januari 2025 ikatangaza yakuwa, kwa uchunguzi wa kwanza, ni pete ya kuachanisha vipande vya roketi, na yakuwa vitu kama hivyo kwa kawaida hutengenezwa ili viungue katika hewa au viangukie mahali pasipo watu kama bahari kuu. Kwa rehema hakuumia mtu. Watu wakaitazama, wakapiga picha, khabari ikaenea ulimwenguni kwa siku chache kama kioja. Lakini kilo 500 za chuma si kioja. Kijiji cha Mukuku ni kijiji kama Nandagala: kina vibanda, mifugo, na watoto waendao kuteka maji. Kilichomwepusha mtoto na pete ile si hekima ya mwenye pete.

Basi nani mwenye dhamana? Fakihi wa Kishafi hana haja ya kubuni jawabu jipya, kwa kuwa mas'ala haya yamo vitabuni kwa sura nyingine, nayo ni mas'ala ya mizabu, ule mfereji wa dari utokezao juu ya njia. Mwenye nyumba ya dari aruhusiwa kutokeza mizabu juu ya njia ya watu wote, na kadhalika roshani, maadamu hawadhuru wapitao. Hapana dhambi juu yake. Walakini mizabu ile ikianguka na kuharibu mali au kumuua mtu, dhamana ni juu yake, japokuwa aliiweka kwa ruhusa. Wanazuoni walitoa sababu: ruhusa ya kutumia kilicho cha wote imefungwa na sharti la salama ya mwisho wake. Mtu haulizwi, "Je, ulikuwa na haki ya kuiweka?" Huulizwa, "Je, iliishia salama?"

Atasema mtetezi wa warushaji: "Mbingu si ya mtu. Dola zote ziliagana mwaka 1967 yakuwa anga ya juu iko wazi kwa wote." Naye amesema kweli, na kweli hiyo ndiyo hujja juu yake. Njia nayo ni ya wote, na kwa sababu hiyo hiyo mizabu ina dhamana.

Atasema tena: "Lakini setilaiti ni dharura. Kwazo watu hujua mvua na dhoruba, na mtu wa Nandagala mwenyewe husikia kwazo khabari za ulimwengu." Hoja hii ina nguvu, na kwa hakika ndiyo iliyokuwa hoja ya kauli ya kale ya Imamu Shafi'i, yakuwa mizabu haina dhamana kwa kuwa watu hawana budi nayo, maji ya dari lazima yapate pa kwendea. Kisha Imamu akahama Iraki akaenda Misri, na katika kauli yake mpya, ambayo ndiyo itumiwayo, akasema dhamana ipo. Haja ya mwenye nyumba haiondoi haki ya mpita njia. Mwenye kufaidika na dari kavu ni yeye, na kichwa kilichopasuka ni cha mwingine. Ajabu ni kuwa watu wengi wenye ilimu hata leo husema juu ya vyombo hivi maneno ya kauli ya kale, wala hawajui yakuwa mwenyewe aliyeisema aliiacha.

Wametafautisha pia wanazuoni: ikianguka sehemu iliyotokeza peke yake, dhamana ni kamili, ikianguka mizabu yote, pamoja na ile iliyokuwa ndani ya ukuta wa mwenyewe, dhamana ni nusu, kwani nusu ilikuwa katika milki yake. Kwa chombo cha angani hapana nusu. Hakina ukuta kilichobaki ndani yake. Tangu kilipoondoka jukwaani chote kimetokeza.

Iko hoja moja iliyo ngumu kuliko hizi, na haifai kufichwa. Mtu akijenga ukuta uliosimama sawa katika kiwanja chake, kisha ukuta ukainama wenyewe ukaangukia njiani, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kuwa hana dhamana. Basi atasema mwenye setilaiti: "Changu nami kilisimama sawa, nilikirusha kizima, kikafa chenyewe huko juu." Jawabu lake ni kuwa ukuta ulijengwa katika milki, na setilaiti haikupata kukaa katika milki yake hata saa moja, basi iko karibu zaidi na mizabu kuliko ukuta. Tena ndani ya mas'ala yale yale ya ukuta iko kauli ya pili, nayo ni kuwa mwenyewe akiwa aliweza kuubomoa au kuutengeneza asifanye, dhamana yamlazimu. Kauli hii ilikuwa dhaifu juu ya roketi wakati ambapo hapakuwa na awezaye kuzirudisha. Lakini tarehe 21 Desemba 2015 roketi ya Falcon 9, baada ya kuipandisha sehemu yake ya juu, sehemu ya chini ilirudi Florida ikasimama wima juu ya miguu yake, na jambo hilo limekuwa la kawaida tangu hapo. Mpenzi wa roketi husherehekea ustadi huo, na hapana ubaya. Ila aelewe pia yakuwa kila ustadi unapozidi, udhuru hupungua.

Dola nazo zilifika karibu na hukumu hii kwa njia yao. Mkataba wa mwaka 1972 juu ya dhamana ya vyombo vya angani wasema yakuwa dola iliyorusha hulipa khasara yoyote iliyotokea juu ya ardhi, wala haulizwi mdai athibitishe yakuwa mrushaji alizembea. Madai hupelekwa na dola kwa dola, hata kama mrushaji ni mtu wa biashara. Hapa yako mafanano na akila, wale jamaa wa kiume wa mkosaji wamchukuliao diya ya kosa lisilo la makusudi. Si sawa sawa, kwani akila huchukua diya ya nafsi wala hawachukui thamani ya mali, lakini maana ya kumwekea mdai kundi lenye uwezo mbele yake, asipotee katika kumtafuta mtu mmoja, ni maana moja.

Mkataba huo umetumika mara chache mno. Tarehe 24 Januari 1978 setilaiti ya Warusi Kosmos 954, iliyochukua tanuri ya nguvu za atomu, ilianguka kaskazini ya Kanada na kutapanya sumu yake juu ya theluji. Kanada ilidai dola za Kikanada milioni 6 na kitu, ikalipwa milioni 3 mwaka 1981. (Si kwa sababu ya hukumu ya nusu ya mizabu, ni masikilizano tu ya wakubwa.) Mwaka uliofuata baada ya ile, Julai 1979, nyumba ya Marekani iitwayo Skylab ilianguka magharibi ya Australia, na baraza la mji wa Esperance likawatoza Wamarekani faini ya dola 400 kwa kutupa taka. Ilikuwa kama mzaha, lakini faini hiyo ililipwa mwaka 2009, wala haikulipwa na wenye chombo, bali ililipwa na wasikilizaji wa redio walioichangia. Ikiwa Australia imekaa miaka 30 na dola 400 zake, mtu wa Nandagala akiangukiwa na pete juu ya mikorosho yake atapata nini, na kwa mkono wa nani?

Atapata kwa ushahidi, na asipokuwa na ushahidi hatapata. Mwenye kudai ndiye alazimikaye kuleta bayana. Pete ya Mukuku haikuja na jina la mwenyewe. Mkataba ungekuwa mzuri namna gani, haumsaidii asiyejua amdai nani. Chuma hakisemi, husemewa na mwenye kuijua sura yake, na kujua roketi ipi ina pete ya kadiri hii, na ni kipi kilichokuwa kikishuka saa ile juu ya njia ile. Ilimu hiyo hukusanywa kwa miaka na watu wa namna ile ile wanaolaumiwa barazani.

Wala hili si neno la kuwafariji. Katika mji wa Kettering, Uingereza, mwalimu wa skuli, Geoffrey Perry, alikuwa akisikiliza sauti za setilaiti za Warusi pamoja na wanafunzi wake kwa chombo cha redio kisicho cha gharama kubwa. Mwaka 1966, kwa kuandika saa za kupita kwake na kufanya hesabu, waligundua yakuwa Warusi wana mahali papya pa kurushia roketi huko Plesetsk, mahali ambapo wenyewe walikuwa hawajapatangaza. Mwalimu na watoto wa skuli, kwa saa na daftari, walifichua siri ya dola kubwa. Hawakupanda roketi wala hawakuunda. Walisikiliza kwa uaminifu na kuandika kwa uaminifu, na sifa ya shahidi si zaidi ya hiyo.

Kwa hivyo lawama ya wenzake wa Nandagala yasimama juu ya nusu ya daftari, na haisimami juu ya nusu ya pili. Akiwa aandika kupanda peke yake, ashangilia mali ya matajiri, na amekosa kitu alichoweza kuwa nacho. Akiandika kupanda na kushuka, na jina la mwenyewe, na daraja za njia yake, na tarehe, huyo ameshika sehemu ya fardhi ya kifaya katika nchi ambayo ina wachache wa kuishika. Na auandike ukweli hata ukiwa juu ya watu wake. Kenya ilipeleka setilaiti yake Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, kwa roketi ya Marekani, kutoka California. Na katika mkataba ule wa 1972, dola iliyorushiwa kitu chake yahesabiwa ni mrushaji, na dola iliyorushiwa roketi kutoka ardhi yake kadhalika. Basi Waafrika wa Mashariki hawako upande wa kudai peke yao. Shahidi asiyeandika ila yale yawafaayo jamaa zake ushahidi wake hurudishwa.

Watu hupenda kuuliza yakuwa Mwislamu aliye huko juu huelekea wapi katika sala yake. Mas'ala hayo yana utamu, na wanazuoni wa Malaysia waliyaandikia maelezo mwaka 2007, pale daktari wao mmoja alipokwenda katika ile nyumba ya chuma ndani ya Ramadhani. Lakini katika kila watu elfu wa Nandagala hapana hata mmoja wa kuyahitajia. Wanayoyahitajia ni ya yule aliye chini.

Na yule aliye chini, ikitokea chuma kikaanguka shambani kwake, asikiguse kwa mkono, kwani mafuta ya baadhi ya vyombo hivi, kama haidrazini, ni sumu kali hata kwa kuvuta hewa yake. Na awaweke mbali watoto na mbuzi. Asikiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ijapokuwa atakuja na gari lake kabla ya serikali kufika. Kuanguka hakuondoi milki. Hukumu yake ni kama ya nguo iliyopeperushwa na upepo kutoka kamba ya jirani ikaingia uani kwa mtu: ni amana mkononi mwake bila ya kuitaka, na yampasa kutoa khabari mara moja. Aende kwa mwenyekiti wa kijiji, na khabari ifike wilayani Ruangwa kwa maandishi. Apime kwa hatua alipo mkorosho ulioanguka na kilipo chuma, ahesabu miti iliyovunjika na umri wake, aandike saa na upande kilikotokea, na mashahidi wawili watie majina yao. Kisha amwendee yule mwenye daftari, kwa sababu muda wa kudai katika mkataba ni mwaka mmoja, nao huhesabiwa tangu siku ya khasara, au tangu siku ilipojulikana ni dola gani iliyokirusha.